Mwanangu, umeniuliza kama babu yetu alikuwa mtu mbaya

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku, nikaisoma tena alfajiri baada ya sala, nikasema hii siijibu kwa voisi, manake kwa voisi nitalia au nitaanza kukugombeza bure na wewe hujakosa kitu. Basi naandika. Na unajua mie nikianza kuandika nukta sizioni, utanivumilia.

Umesema mlikwenda Mkunazini wewe na wenzio wa ofisini, pale palipokuwa soko la watumwa, mkasimama kwenye zile sanamu za watu watano waliotiwa shimoni na minyororo shingoni, na mmoja wa wenzio akakugeukia wewe mtoto wa Pemba mwenye pua hiyo uliyorithi kwa baba yangu, akasema kwa utani "nyinyi ndo mlokuwa mnatuuza". Ukacheka na wengine wakacheka, halafu hotelini usingizi haukuja. Ndo ukanipiga maswali matatu kwa mkupuo: eti ni kweli ukoo wetu ulikuwa na watumwa, na kama ni kweli basi huyo babu alikuwa mtu mbaya, na je sisi tunadaiwa.

La kwanza halina maneno mengi. Ndio, alikuwa nao. Babu yake baba yangu, yule tunayemwita Babu Mkubwa, alikuwa na watumwa wa shamba na wa nyumbani, na ushahidi upo. Iko karatasi kwenye kasha la marehemu babu yako, chini kabisa, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu na wino umegeuka rangi ya chai. Baba alinisomea mara moja tu, mie nimeshaolewa nina wewe tumboni. Ni karatasi ya kugawa mali. Inahesabu mikarafuu, inayozaa mbali na michanga mbali, halafu minazi, halafu kisima, halafu sakafu ya kuanikia karafuu, halafu watu. Yani hapakuwa hata na mstari mpya. Kisima, sakafu, na fulani, na fulani, na fulani. Mikarafuu imeandikwa kwa uangalifu mpaka ule mmoja uliopigwa radi, lakini wale watu wameandikwa majina matupu, hakuna bin wala binti, kana kwamba hawakuwa na baba. Na majina yenyewe sasa, ndo yale waliyokuwa wakipewa watumwa, Mabruki, Feruzi, Almasi, Zawadi, Faida, majina ya heri na ya vitu vya thamani, majina ambayo mtu hapewi na mama yake. Baba alipofika hapo sauti ikashuka, akaikunja karatasi kwa mkunjo wake uleule wa zamani, akaniambia nenda kalete chai.

Nikueleze kidogo yalivyokuwa manake shuleni sijui mlifundishwa nini. Karafuu zililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said alipohamishia makao yake huku kutoka Muscat akawahimiza matajiri wapande, wakapanda. Sasa karafuu, na hili wewe unalijua kwa mikono yako, haina subira. Inachumwa kabla haijachanua, ikichanua imeharibika, na mti mmoja haukomai wote siku moja kwa hiyo unarudiwa na kurudiwa, na katikati ya misimu kuna kupalilia. Kazi ya mikono mitupu. Mikono hiyo ikatafutwa bara, Nyasa na Unyao na Umanyema, miaka ya 1860 walikuwa wakipitishwa Unguja watu wapatao 20,000 kwa mwaka, wengine wanabaki mashambani wengine wanavushwa Arabuni na Ghuba. Halafu mwaka 1872 ikapiga tufani, mikarafuu ya Unguja ikalala chini karibu yote, Pemba ikasalimika. Bei ikapanda, na kila mwenye mtaji kidogo akakimbilia Pemba. Babu Mkubwa alikuja wakati huo, kijana, hana kitu ila jamaa wa kumkopesha.

Sasa shika hapo manake ndo penye jambo. Mwaka uliofuata, Juni 1873, Sultani Barghash alitia saini na Waingereza, soko la Mkunazini likafungwa, kuvusha watumwa baharini kukawa marufuku, na wamisheni wakaanza kujenga kanisa palepale. Babu Mkubwa watumwa wake wengi aliwapata baada ya hapo. Walikuwa wakiletwa Pemba kwa majahazi usiku, wanapenyezwa kwenye mikoko huku manowari za Waingereza zinazunguka nje. Kwa hiyo usije ukamsikia mjomba wako anasema "ilikuwa halali zama zile" ukanyamaza. Kumiliki mtumwa aliyekuwepo, sawa, sheria ilikuwa bado inaruhusu. Lakini kumnunua mtoto aliyeshushwa kwenye mikoko usiku wa manane, hata sheria ya Sultani mwenyewe ilishakataa, na mtu anayenunua kitu usiku kwa kunong'ona anajua anachokifanya.

Mmoja wa hao walioshushwa usiku nilimjua mimi. Hujawahi kunisikia nikimtaja kwa kuwa kwetu hatajwi. Alikuwa bibi kizee, anakaa kibanda cha nyuma karibu na jiko, na sisi watoto tulimwita bibi kama tunavyowaita wazee wote. Alikufa mie nina miaka kumi na mbili hivi. Harusi zote alikuwepo, mazishi yote alikuwepo, kuna namna ya kukuna nazi ambayo mpaka leo nikikaa kwenye mbuzi nakuna kwa mkono wake, taratibu, unageuza kifuu kabla hujafika kwenye weusi. Lakini hakukaa kwenye kiti hata siku moja. Mkeka wake aliutandika mlangoni mwa jiko, nusu ndani nusu nje. Na baba yangu, mtu mzima mwenye watoto saba, bibi yule alikuwa akimwita "bwana mdogo".

Siku moja nilimuuliza, bibi kwenu wapi? Watoto hatuna adabu. Akasema kwetu kuna mto. Nikamwambia hapa pia kuna mto, akacheka, akasema ule si mto. Akaniambia alikuwa mdogo sana, meno ya mbele yametoka hayajaota mengine, na neno moja tu la kwao alilobaki nalo ni neno la kuitia mama. Alinitamkia. Na mie mwanangu, nakwambia leo na miaka yangu hii, lile neno sikulishika. Nilikuwa nawaza kwenda kucheza.

Basi swali lako la pili, alikuwa mtu mbaya. Kwetu jibu lilikuwa tayari kabla hujazaliwa: Babu Mkubwa alikuwa mwema kwa watumwa wake. Hakupiga. Aliwaozesha. Idi anachinja na wao wanakula. Alhamisi na Ijumaa aliwapa siku zao walime vyao. Hayo yote labda ni kweli, siku mbili hizo zilikuwa desturi mashamba mengi ya Unguja na Pemba, wala siyo huruma yake peke yake. Mie nimekaa na sifa hizo miaka na miaka nikiziona kama mali ya ukoo. Lakini hebu zitazame. Aliwapa siku mbili, alizitoa wapi? Hakupiga, lakini fimbo ilikuwepo, na kila mtu shambani alijua iko wapi. Aliwaozesha, na watoto waliozaliwa wakawa wake yeye Babu, wazalia, wameandikwa kwenye karatasi ileile. Ukitaka kujua wema wa mwenye mtumwa umefika wapi usiangalie anavyomlisha, angalia siku mtumwa aliyosema naondoka.

Na siku hiyo ilitokea. Kile kisa cha mtoro umekisikia, kila Idi mjomba anakisimulia, mtumwa aliyetoroka akajificha kwenye mikoko siku tatu, siku ya nne karudi mwenyewe matope mpaka kiunoni, eti njaa imemrudisha kwa bwana wake, na Babu Mkubwa akamcheka akaamrisha apewe uji. Tunacheka wote. Mie nimekichekea kisa hicho utotoni, nimekichekea nikiwa na watoto, nimekusimulia na wewe, Mungu anisamehe. Nitakirudia mbele.

Watu watakwambia usiwahukumu wa zama zile kwa akili ya leo. Mie nauliza tu, wa zama zile ni kina nani? Manake mtu aliyelala kwenye mikoko siku tatu na mbu wale naye alikuwa wa zama zile, wala hakungoja Mzungu wala mwaka 1897, utumwa ulipofutwa, kumwambia kwamba hii kitu si sawa.

Na watakwambia dini iliruhusu. Hapa twende taratibu kwa kuwa dini yangu siichezei. Mie nimesoma chuoni kama wewe. Kwenye Suratul Balad Mwenyezi Mungu anauliza habari za njia ngumu ya kupanda mlimani, na la kwanza linalotajwa ni kumwacha huru mtumwa. Kwenye zaka kuna fungu la kuwakomboa. Umekosea kiapo, kafara mojawapo ni kumwacha mtu huru. Mambo yote yanaelekea mlango wa kutokea. Na mtu huru hashikwi njiani akafanywa mtumwa, hilo wanachuoni wamelisema wazi. Sasa mtoto wa miaka sita aliyechukuliwa mtoni Nyasa alikuwa kwenye vita gani? Babu Mkubwa alijua kusali, alijua kusoma, na palepale pa kuuliza "huyu umempataje" akafumba macho akahesabu rupia. Wala hakuwa peke yake. Hata Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, yule aliyetoroka mwaka 1866 akaishia Ujerumani, aliandika kuutetea utumwa wa kwetu kwamba ulikuwa wa upole, na mama yake mwenyewe alikuwa suria aliyeporwa utotoni huko nchi za Caucasus. Mtu anaweza kuzaliwa na mtumwa akamtetea aliyemnunua. Sisi tusishangae, ndo sisi hao.

Sasa nikwambie ambalo hukuniuliza.

Babu yangu, mtoto wa Babu Mkubwa, mama yake hakuwa mke. Alikuwa suria. Jina lake unalijua, limo kwenye karatasi kabla ya kugawiwa, wala silitaji hapa, ila nenda kalifikirie kwa Kiswahili cha dukani utajua kwanini nilinyamaza mwaka juzi uliponiambia ni zuri unataka kumpa mwanao. Kwa sheria mtoto wa bwana alizaliwa huru, akarithi kama wengine, na mama akawa hauziki tena, anakuwa huru bwana akifa. Ndo maana ukoo wetu ni huo huo, hauna alama, masultani wenyewe wengi ni watoto wa masuria. Lakini ujue kwamba mwaka 1897, tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud alipotangaza kwamba utumwa hautambuliwi tena kisheria, masuria hawakutiwa humo, walihesabiwa ni kama wake, wakangoja mpaka 1909. Kwetu wanasema Babu alimpenda mno. Inawezekana. Mie sijui mtu anapimaje mapenzi ya mtu ambaye hana ruhusa ya kukataa.

Na hapo ndo uone watu tulivyo. Miaka ya sitini mwishoni shangazi yangu, wewe kwako bibi, yule aliyekufa hajaolewa, alichumbiwa na kijana mwalimu, mtaratibu, anaswali, ana baiskeli yake. Shangazi alikuwa anamtaka. Wazee wakakaa barazani kutwa nzima, mie napeleka kahawa na kurudi, nasikia neno moja linazunguka: kufu. Si kufu yetu. Bibi yake yule kijana alikuwa mjakazi, wanasema, mwenyewe waliwahi kumuona na kaniki, ile nguo nyeusi ya watumwa. Wakakataa. Na waliokataa, mwanangu, wote waliokuwa wamekaa kwenye ile baraza walikuwa wajukuu wa suria, na bibi wa jikoni alikuwa hatua kumi kutoka hapo anapepeta mchele anasikia kila kitu. Shangazi akakaa nyumbani mpaka akazeeka. Utumwa ulishafutwa miaka sabini, lakini barazani kwetu ulikuwa unaitisha kahawa.

Ndo urithi wenyewe huo, minyororo ya makumbusho ni kidogo. Uko kwenye "fulani ana asili". Uko mpaka kwenye neno kibarua, unalisema kila siku, nimepata kibarua, kibarua kimeota nyasi, na asili yake ni watumwa wa mjini waliokuwa wakipelekwa na mabwana zao wakafanye kazi kwa watu na kijikaratasi mkononi, na ujira wanagawana na bwana. Siti binti Saad mwenyewe, sauti ile mpaka Bombay ilikwenda kurekodiwa mwaka 1928, alizaliwa Fumba anaitwa Mtumwa, na alipong'ara mjini wakamtungia nyimbo za kumkumbusha kaniki alizotoka nazo shamba. Watu wengine walibadilisha makabila. Jana Mnyasa, leo Mswahili, kesho Mshirazi, siwalaumu hata kidogo, ningekuwa mie ningefanya hivohivo kabla ya adhuhuri.

Kuhusu mwenzio aliyekutania. Asikusumbue sana, lakini pia usimjibu kwa bibi suria, eti "na sisi tuliuzwa". Ni kweli, ila usimgeuze yule bibi mwavuli, yule hakutuzaa ili tujifiche nyuma yake. Ukitaka kumpa hesabu kamili mpe, ni ndefu. Machifu wa bara walikamata na kuuza majirani zao. Matajiri wa Kihindi walikopesha mtaji wa misafara. Wafaransa walinunua watu Kilwa kwa mashamba ya sukari ya Réunion na Mauritius. Na ile nguo ya merikani waliyobebeshwa wapagazi kwenda kubadilisha na pembe na watu ilifumwa kule Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini ya Marekani, yani mtumwa wa huko analima pamba inayokuja kumnunua mtumwa wa huku. Mie nilipolijua hilo nilikaa kitako. Lakini mwambie hayo akikuuliza, usiyatumie kujipunguzia. Hesabu ikiwa ya watu wengi fungu letu halipungui. Na asije mtu akaigeuza kuwa ya kabila moja akachukua panga, mwaka 1964 nilikuwa na miaka saba, niliona watu wazima wanatetemeka kwa majina ya babu zao.

Basi la tatu, tunadaiwa?

Kwanza nikwambie nani alilipwa. Lile tangazo la 1897 lilisema mwenye mtumwa anayepata hasara atafidiwa. Mwenye mtumwa. Mtumwa ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba karatasi yake ya uhuru, na aonyeshe ana pa kulala na cha kula, la sivyo anaonekana mzururaji. Waingereza kwao walifanya hivohivo, mwaka 1833 walitenga pauni milioni 20 kuwalipa wenye watumwa wa makoloni yao, na deni lile walipa kodi wamelimaliza juzi tu, 2015. Wewe ulikuwa umeshaajiriwa.

Babu Mkubwa alilipwa. Najua kwa sababu ya mlango. Ule mlango wa nakshi ulioko kwa mjomba wako, wenye minyororo iliyochongwa pembeni na maua ya yungiyungi, uliopigia picha za harusi yako na shela limeshikwa kwenye njumu, baba alinambia ulinunuliwa kwa "rupia za serikali". Nilidhani alikuwa na mshahara. Miaka mingi baadaye ndo nikaunganisha. Picha ile iko ukutani kwangu, siioni vizuri tena, sijaitoa lakini.

Halafu iko habari ya miti. Walipoachwa huru wengi hawakwenda popote, wangekwenda wapi, ule mto uko wapi. Wakabaki shambani, wanachuma kwa ujira, wanapalilia, na wanaruhusiwa kulima mihogo na viazi chini ya mikarafuu. Mti wa kudumu hawaruhusiwi. Mnazi hapana, mkarafuu hapana. Niliwahi kumuuliza baba kwanini wale watu wa nyuma ya kisima hawana hata mnazi mmoja na wako pale tangu zamani, akanijibu, "Ukimwachia mtu apande mti umempa shamba." Baada ya Mapinduzi kuna waliogawiwa eka tatu tatu kwenye mashamba makubwa yaliyochukuliwa, letu lilikuwa dogo likaachwa. Kwa hiyo wale wa nyuma ya kisima mpaka leo ninapokuandikia wanakula mihogo yao kwenye kivuli cha miti yetu. Miaka mia na ushee hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewapa kitu, na sisi tunaita hiyo kuishi vizuri na watu.

Msimu uliopita nilikwenda kukaa shambani wiki mbili. Jioni tunachambua karafuu na vikonyo, mie na bibi mmoja wa hukohuko nyuma ya kisima, ananizidi umri kidogo, vidole vyake vinakwenda upesi kuliko macho yangu. Kuna giza, kuna taa ya simu tu, mazungumzo yanakwenda, na mie mjinga nikaleta kile kisa cha mtoro. Nilidhani tutacheka. Nikakifikisha mpaka mwisho, matope mpaka kiunoni, uji.

Hakucheka. Wala hakukasirika, aliendelea kuchambua. Akasema, "Alirudi kwa mwanawe." Nikamuuliza nini? Akasema yule mtoro alikuwa na mtoto wa kike mchanga amebaki bandani, mama mtu alishakufa, na alipotoroka alidhani atamrudia usiku amchukue, usiku wa kwanza akakuta pana mlinzi, wa pili pana mlinzi, wa tatu mtoto analia akamsikia kutoka kwenye mikoko. Asubuhi akatoka. "Ndo bibi yangu huyo aliyekuwa analia," akasema, akanisogezea ungo.

Mwanangu, tumecheka kisa hicho miaka mia. Na nyuma ya kisima, hatua mia mbili, kilikuwa kinasimuliwa kingine, wanatusikia tunacheka.

Kwa hiyo hapana, sina jibu kama Babu Mkubwa alikuwa mtu mbaya kama unavyotaka wewe, yupo mbele ya Mola wake na hesabu yake hainihusu. Aliweka mlinzi kwenye mlango wa mtoto mchanga. Hilo alilifanya, na uji akatoa. Wewe yaweke yote mawili.

Kudaiwa, tunadaiwa. Nimewaita wadogo zangu na kaka, tukae kikao msimu ukiisha. Nataka ule upande wa chini wa kisima, mikarafuu yote kuanzia sakafu mpaka njia ya ng'ombe, iandikwe majina yao, kwa sheha, kwa mashahidi, siyo kwa mdomo manake mdomo wetu tunaujua. Na kwengine kote wapande wanachotaka. Kaka amesema nafukua makaburi. Mdogo wangu wa mwisho amesema tuwape mbuzi wawili na dua, nikamwambia mbuzi walishaliwa Idi zote hizo. Mjomba wako wa mlango hajajibu simu. Sijui kama itapita. Mie nina kura moja, na fungu langu mwenyewe nikishindwa natoa, hilo hawana la kusema.

Yule bibi nimemwambia habari ya karatasi. Hakuwahi kujua ipo. Akaniuliza jina la babu yake limo? Nikasema nadhani limo. Akaniuliza, na la yule mama aliyekufa? Sikuweza kumjibu, mie herufi zile nasoma za msahafu tu, za mkono wa mtu zinanishinda.

Njoo mwanangu, omba ruhusa hata siku tatu, nauli ya boti nitakutumia. Njoo na simu yako yenye kamera nzuri, na yule rafiki yako aliyesomea mambo ya nyaraka za zamani kama anaweza muulize tunaishikaje. Nimeifungua jana baada ya meseji yako. Imeanza kukatika kwenye mkunjo, na mkunjo wenyewe umepita palepale kwenye majina.

Mama yako